Baada ya Bwana Msa: riwaya tatu za taharuki za miji midogo, na uanze na ipi

Msomaji wa Kizanzibari akishamaliza vitabu vya mpelelezi Bwana Msa huwa na kiu ya aina yake. Anataka tena kitu kile kile: mji mdogo, maiti moja, watu wanaojuana hadi jina la bibi mzaa babu, na siri iliyokaliwa na ukoo mzima. Mwandishi wao, Muhammed Said Abdulla, mtoto wa Makunduchi aliyezaliwa mwaka 1918, alitudekeza. Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 na kutoka kitabu mwaka 1960, ilitufundisha kwamba hata maiti ikikutwa mzimuni, aliyeua ni binaadamu mwenye jina lake. Bwana Msa atavuta kiko, atauliza maswali mawili matatu yanayoonekana hayana kichwa wala miguu, mwisho atalifumua fundo mbele ya macho yetu. Unafunga kitabu, unalala.

Vitabu vitatu ninavyovilinganisha hapa havina huruma hiyo. Ni riwaya za taharuki za kisaikolojia: mauaji yamo, mpelelezi wakati mwingine yumo, lakini kinachokuweka macho ni akili za watu. Unaanza kumshuku jirani, unamshuku mama wa nyumba, halafu unamshuku hata huyo anayekuhadithia. Vyote vitatu vimeandikwa kwa Kiingereza na vinatokea mbali, viwili Marekani na kimoja Australia, ila mtu aliyekulia Wete, Mkoani au Jang'ombe hatapata tabu kuwaelewa wale watu. Mji mdogo ni mji mdogo. Nimewahi kuviazimisha vyote, na kila aliyeviazima alikuwa na maoni yake, kwa hivyo nachukulia kwamba na wewe utakuwa na yako.

Vitabu vyenyewe

Cha kwanza ni Sharp Objects cha Gillian Flynn, kilichotoka 2006. Ndiyo riwaya yake ya mwanzo, miaka sita kabla ya Gone Girl iliyompa jina duniani. Camille Preaker, mwandishi wa habari wa Chicago, anatumwa na mhariri wake arudi Wind Gap, mji wa kubuni katika jimbo la Missouri, alikozaliwa na kukulia. Mtoto mmoja wa kike ameshauawa, na sasa mwengine hajulikani alipo. Camille anafikia kwa mama yake, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, maana nyumba ile ina habari nzito kuliko aliyotumwa kuitafuta.

Cha pili ni The Dry cha Jane Harper, cha mwaka 2016. Harper ni mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi ya magazeti Australia. Mtu wake ni Aaron Falk, askari wa makosa ya fedha huko Melbourne, anayerudi Kiewarra, mji wa wakulima, nao wa kubuni, kwa maziko ya Luke, rafiki yake wa utotoni. Mji mzima unaamini kwamba Luke amemuua mkewe na mwanawe, kisha akajimaliza mwenyewe. Aliyesalimika ni mtoto mchanga peke yake. Mvua ya maana haijanyesha kwa miaka miwili. Na Falk ana hesabu zake za zamani na mji ule: miaka ishirini nyuma msichana mmoja alikufa mtoni, jina la Falk likatajwa, na maneno ya watu yakamfukuza yeye na baba yake.

Cha tatu ni cha zamani zaidi, We Have Always Lived in the Castle cha Shirley Jackson, kilichotoka 1962, miaka mitatu kabla hajafa. Ndugu wawili wa kike, Constance na Merricat, wanaishi na ami yao mgonjwa katika nyumba kubwa pembezoni mwa kijiji kisichotajwa jina. Miaka sita nyuma watu wanne wa nyumba hiyo walikufa baada ya chakula cha usiku, kwa sumu iliyokuwamo ndani ya bakuli la sukari. Constance alishtakiwa, mahakama ikamwachia. Kijiji hakijamwachia.

Utakaa ndani ya kichwa cha nani?

Wengi wanaochagua riwaya hizi hutazama kwanza mauaji: nani kafa, kafa vipi. Mimi naona hiyo ni njia mbovu ya kuchagua. Mauaji ni kurasa chache tu. Kichwa cha msimulizi ndicho utakachokaa ndani yake kwa siku kadhaa, na ukikichukia kichwa hicho, hakuna fundo litakalokufikisha mwisho.

Tuanze na aliye rahisi kukaa naye. Falk wa The Dry ni mtu mtulivu, mwenye haya, anayefikiri kabla ya kusema. Hadithi yake inasimuliwa kutoka nje, kwa nafsi ya tatu, na unaweza kumwamini karibu kwa kila kitu. Nasema karibu kwa sababu yeye na Luke, walipokuwa vijana, walikubaliana kutoa maelezo ya aina moja kuhusu walikokuwa siku aliyokufa yule msichana, na maelezo hayo hayakuwa kweli. Hilo linakaa kwenye koo la kitabu tangu mwanzo: kama rafiki yako alikusaidia kudanganya siku ile, alikuwa anakukinga wewe au anajikinga yeye? Harper ana ufundi mwengine pia. Katikati ya sura anakukatiza na kukurudisha nyuma, na sehemu hizo za zamani zimechapwa kwa herufi za mlazo ili usipotee. Humo unayaona mambo ambayo hakuna mtu aliye hai katika hadithi anayeyajua yote. Falk anahangaika kukisia, wewe umeshaona. Ukitoka kwa Bwana Msa ukaja kwa Falk, hutaona ugeni mkubwa: dalili zimetawanywa kwa haki, na mwisho kila kitu kinapata jibu.

Camille wa Sharp Objects anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, na yeye ni mtu aliyeumia. Anakunywa kupita kiasi. Mdogo wake, Marian, alikufa utotoni, na tangu hapo Camille hakuwahi kukaa sawa. Mwilini mwake amejichora maneno kwa ncha kali, maneno chungu nzima, kiasi kwamba hata jua likiwaka anavaa mikono mirefu. Kila neno lina mahali pake, na jambo likimgusa, neno linalolingana nalo huanza kumwasha. Anazungumza na mtu juu ya mauaji, sauti yake imetulia, huku sehemu fulani ya ngozi inamwambia kitu chengine. Sijasoma namna nyingine iliyoonyesha vizuri hivyo jinsi mtu anavyojua jambo kabla ya kukubali kwamba analijua. Camille hakudanganyi wewe msomaji. Kuna vitu hataki kuvitazama, basi, na wewe unalazimika kuvitazama kabla yake, unageuza kurasa huku unataka kumshika mkono umwambie, "Dada, ondoka nyumba hiyo leo leo."

Halafu kuna Merricat.

Ana miaka kumi na minane, lakini anafikiri kama mtoto wa miaka kumi na miwili, na katika aya ya kwanza kabisa anajitambulisha, anataja anavyovipenda, kimoja kikiwa uyoga wenye sumu, kisha anakupasha bila kupandisha sauti kwamba jamaa zake wengine wote wameshakufa. Siku mbili kwa wiki anakwenda kijijini kununua vyakula na kubadilisha vitabu vya maktaba. Njiani anajifanya yumo ndani ya mchezo wa ubaoni: akipita duka fulani bila kusemeshwa amesogea mbele, akizuiwa na mtu amepoteza zamu. Na wakati huo huo anawaombea kifo wote anaopishana nao. Anayasema haya kwa upole na kwa mpangilio mzuri hata unajikuta uko upande wake, unawachukia wanakijiji pamoja naye, na unachelewa kujiuliza kwa nini.

Kwa Mpemba kuna jambo jengine katika Merricat linalokaribia nyumbani mno. Anazika vitu ardhini ili nyumba isiingiliwe: sarafu za fedha hapa, kisanduku pale karibu na kijito. Daftari dogo la marehemu baba yake amelipigilia msumari kwenye mti. Siku daftari lile linapodondoka, anajua kwamba kinga imevunjika na kwamba kuna mtu anakuja. Msomaji wa New York labda ataona huyu msichana ana wazimu kidogo. Aliyewahi kuonyeshwa fingo kizingitini, au kago kwenye shamba la mihogo akaambiwa asiguse, atamsoma kwa utulivu zaidi, na kwa hofu zaidi pia, kwa sababu kinga kwetu huleta swali la pili: imewekwa dhidi ya nani? Jackson hakuwa na habari ya Pemba, lakini swali hilo hilo ndilo linalokibeba kitabu chake.

Nilipomhadithia shangazi yangu kisa cha bakuli la sukari, hakuniacha nifike mbali. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata macho. "Na siku hiyo nani hakula?" akaniuliza. Nikamwambia mmoja hali sukari, mwengine alikuwa amenyimwa chakula kwa adabu. Akasema, "Haya basi," akaendelea na ungo wake. Kwa hivyo ukitaka kitabu cha kukuficha muuaji mpaka ukurasa wa mwisho, cha Jackson sicho. Ukimshuku mtu mapema, endelea kumshuku. Kinachokushika ni kitu chengine: baada ya kujua, unaendelea kumpenda, na hilo linakutia wasiwasi juu ya nafsi yako.

Mji unavyojua na usivyosema

Kwetu kila mtu anajua kwamba mtaa una macho. Sheha anajua nani kahamia na nani kahama, muuza duka anajua nyumba ipi imeanza kukopa unga, na kwenye baraza la kahawa habari hufika kabla ya mwenye habari. Hata hivyo mgeni akija akauliza, atajibiwa "Sijui, mwanangu" mpaka achoke. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haisemi. Riwaya zote tatu zinaishi ndani ya ukimya huo, ila kila moja kwa njia yake.

Kiewarra ya Harper ni mji uliobanwa na ukame. Kitabu kinaanza na mainzi. Ng'ombe wamekuwa wakipigwa risasi kwa kukosa malisho, mizoga iko kila mahali, na mainzi hawatofautishi mzoga wa mnyama na maiti ya mtu. Anayejua jinsi Micheweni inavyokuwa mvua zikikata atazielewa sura za wakulima wale: madeni, aibu ya kushindwa kulisha nyumba, hasira inayotafuta pa kuangukia. Ndiyo maana watu waliamini haraka kwamba Luke ameua. Kila mmoja alishahofia kwamba kuna siku mtu atafanya hivyo. Na Falk, miaka ishirini tangu aondoke, bado ni mtoto wa fulani aliyefanya jambo fulani. Gari lake linakwaruzwa maneno ya vitisho, karatasi zenye picha yake zinasambazwa. Mtu anayerudi Makunduchi au Kojani baada ya miaka mingi Dar es Salaam au Muscat anaijua hali ile ya kupimwa kuanzia miguu hadi kichwa kabla hajaitikiwa salamu.

Ugeni uko kwenye mazishi. Sisi tunazika haraka, siku ile ile ikiwezekana, na maswali hubaki ya baada ya hitima. Huko majeneza yamewekwa mbele kanisani siku kadhaa baada ya tukio, watu wamekaa wanatazamana, wanapima nani analia kwa dhati. Harper anaitumia nafasi hiyo vizuri sana. Ile sura ya mwanzo ya maziko ni darasa la kutambulisha watu wengi kwa mara moja bila kukuchanganya.

Wind Gap ya Flynn ni mji wa nguruwe. Kuna shughuli kubwa ya kuwafuga na kuwachinja, mwenye mali hiyo ni Adora, mama yake Camille, na watu wake ndio wanaokula kutokana nayo. (Kuna kurasa za huko mazizini ambazo mimi nilizisoma haraka haraka, nawe una ruhusa.) Mwenye mkate wa watu hahojiwi, na Flynn analijua hilo bila kulihubiri. Lakini mahali anapong'ara ni kwenye mazungumzo ya wanawake. Camille anakwenda kukaa na wenzake aliosoma nao skuli, sasa wake za watu, wamekusanyika kunywa mvinyo na kulia kwa pamoja. Wanasema juu ya watoto waliouawa kwa masikitiko yenye utamu ndani yake. Anayenyanyuka anasemwa. Camille anajua kwamba akinyanyuka yeye, zamu itakuwa yake. Ondoa mvinyo, weka kahawa na kashata, na kikao hicho nimeshakihudhuria.

Kijiji cha Jackson kinachukia waziwazi, na hapo kinatofautiana na vyengine. Watoto wana wimbo wa kumdhihaki Merricat kuhusu chai na sumu, wanauimba akipita. Wazee wao wanasikia, hawakatazi. Ila mwandishi si mjinga wa kuwafanya wanakijiji wabaya bila sababu. Jamaa wa ile nyumba kubwa, walipokuwa hai, walijitenga kwa jeuri. Waliweka uzio na kukata njia ambayo wanakijiji walikuwa wakipita. Anayeishi pwani ya mashariki ya Unguja, ambako ukuta wa hoteli unaweza kuota kati ya mtu na bahari aliyoizoea tangu utoto, ataelewa kwamba uzio kama huo husahauliwa na aliyeujenga tu. Kuna usiku mmoja katika kitabu hiki kijiji kinatoa meno yake. Sitasema zaidi, ila hakuna damu nyingi humo na ndiyo sehemu iliyonitisha kuliko zote katika vitabu vyote vitatu.

Na yupo binamu yao Charles, anayejitokeza ghafla kuja "kuwasaidia" wasichana wale, huku jicho lake haliondoki kwenye kasha la fedha la marehemu. Huyu hahitaji maelezo kwa msomaji wa huku. Kila ukoo una jamaa aliyekuja kusaidia mirathi.

Lugha, urefu na skrini

Hapa sina mengi. Kwa msomaji ambaye Kiingereza chake ni cha skuli, cha Jackson ndicho chepesi kusoma: sentensi safi, maneno ya kawaida, na kitabu chenyewe hakifiki kurasa mia mbili. Kinachopita juu ya kichwa ni kejeli yake tu, na hiyo utaikamata ukisoma mara ya pili. Harper anaandika kwa mtindo wa gazeti, sura fupi fupi, kila moja inakuacha unaning'inia. Ni kirefu kuliko vyote lakini ndicho kinachokwenda mbio. Flynn ana Kimarekani cha mtaani, matusi, na utani mkali, na mara nyingine utalazimika kusoma sentensi mara mbili.

Sharp Objects imefanywa tamthilia ya vipindi vinane mwaka 2018, Amy Adams akiwa Camille. The Dry ni filamu, Eric Bana ni Falk. Cha Jackson nacho kina filamu yake. Soma kwanza. Hasa cha Jackson, kwa sababu uzuri wake wote uko kwenye sauti ya Merricat, na sauti hiyo haina namna ya kupigwa picha.

La kujihadhari

Sharp Objects si kitabu cha kumpa kila mtu. Wanaokufa ni watoto, na maiti zao hazikuachwa salama. Mtu anayejikata mwili wake anaelezwa kwa karibu mno, na aliyewahi kupita njia hiyo, au mwenye kijana nyumbani aliyepita, anaweza kuumizwa na kurasa hizo. Mambo ya ngono na pombe hayana pazia. Sikipendekezi kwa mwanafunzi wa sekondari, na aliyefiwa na mtoto karibuni namwomba akiweke pembeni kabisa. Si kwamba Flynn anatia ukatili kwa starehe. Ana lake la kusema kuhusu mama, maradhi na mapenzi yanayonyonga, na analisema kwa ukali unaostahili. Lakini gharama ya kulisikia ni kubwa.

The Dry ina mauaji ya mtoto pia, na ukurasa wa kwanza ni mgumu, ila mwandishi anageuza kamera mapema. Cha Jackson unaweza kumsomea hata mtu mzima asiyependa hadithi za kutisha. Mauaji yote yameshatokea kabla kitabu hakijaanza, na mezani kuna chakula kizuri karibu kila sura, maana Constance ni mpishi hodari. (Hilo nalo ni sehemu ya utisho wake. Unakula kwa macho, halafu unakumbuka.)

Basi uchukue kipi

Kama kilichokupendeza kwa Bwana Msa ni fundo na kufumuliwa kwake, chukua The Dry na usisite. Falk haropoki wala havuti kiko, lakini kazi yake ni ile ile, kuwauliza watu mambo madogo mpaka lile kubwa lijitokeze lenyewe. Ndicho ninachompa mtu anayesema hajawahi kusoma riwaya ya Kiingereza hadi mwisho. Kinafaa safari ya boti ya Pemba, kwa sababu hata ukikatizwa na mawimbi au na jirani anayetaka mazungumzo, ukirudi unajua ulipoachia. Aibu yake moja ni kwamba ukishajua jibu, huna haja ya kukisoma tena. Mimi nilikirudia nikakuta nimebaki na ukame na mainzi tu, ambavyo ni vizuri, lakini si vingi.

Kama katika vitabu vya Muhammed Said Abdulla ulichokipenda zaidi ni mambo ya nasaba, mzazi asiyekuwa mzazi, nyumba zenye sura mbili, basi Flynn atakupa hayo kwa kipimo kikali kuliko ulichozoea. Kikulacho ki nguoni mwako, na Flynn anakuvua nguo moja moja mpaka ukione. Kisome ukiwa na moyo mzima, mchana ikiwezekana, na usikisome katika wiki ambayo umegombana na mama yako.

Na kama unataka kimoja tu cha kuweka kwenye rafu na kukirudia, mimi nachagua cha Jackson. Nakichagua kwa sababu hakijali sana nani kaua. Kinajali namna wapendanao wanavyofichiana, namna jirani anavyogeuka kundi, na jinsi mtu mpole anavyoweza kuwa hatari bila kuacha kuwa mpole. Wapo watakaokiona hakina tukio, na siwezi kubishana nao sana: kurasa nyingi ni za kupika, kufagia na kutembea. Mtu anayetaka mbio atachoka mapema. Anayesoma riwaya za Said Ahmed Mohamed kwa raha, ambaye hakimbizwi na aya ndefu ya mawazo ya mtu, hatachoka.

Kuhusu kuvisoma kwa mfuatano: ukiamua kuvisoma vyote, anza na Harper, maliza na Jackson, Flynn mweke katikati na umpe nafasi ya kupumua kabla na baada. Kumsoma Flynn kisha Jackson papo kwa papo kunamdhulumu Jackson, kwa kuwa sikio lako litakuwa bado linasubiri kelele, na Merricat hapigi kelele.

La mwisho ni la kiutendaji. Vitabu vya namna hii huku vinapatikana zaidi vikiwa vya mkono wa pili, vile wageni wanavyoviacha kwenye rafu za hoteli na nyumba za kulala, na vingi vimeshalowa maji ya bahari au vimechanika. Kwa The Dry na cha Jackson, ukurasa mmoja wa nyuma ukikosekana bado utaelewa. Kwa Sharp Objects haiwezekani. Utafika mahali utadhani kesi imekwisha, mkosaji amejulikana, mambo yametulia, na kitabu kimebakiza kurasa chache za kuagana. Hapo ndipo lilipo lile jambo lenyewe. Kabla hujalipa, au kabla hujaazima, fungua nyuma uhakikishe kurasa za mwisho zipo zote. Usizisome tu.